Nyumba iliyokwisha kusafiri na shimo lililotakasiwa: jibu kwa msomaji wa Wete

SWALI: Maalim, assalamu alaikum. Mimi na ami yangu hucheza bao kila siku baada ya sala ya alasiri, barazani kwetu hapa Wete. Juzi mchezo mmoja umetuletea mizozo mitatu. Kwanza, tulipokuwa bado tunanamua, yaani tunatia kete za mkononi mojamoja, nilitakasa (nilicheza zamu isiyo ya kula) na kete yangu ya mwisho ikaingia katika nyumba yangu, lile shimo la pembe nne la mstari wa mbele, ikawa na kete tisa. Nilitaka kusafiri, yaani kuzichukua kete zote za nyumba na kuzisambaza, ami akanizuia. Pili, baadaye nilikula, na kete ya mwisho ikaingia tena katika nyumba wakati ami ana kete mbili mbele yake. Nilisema nalala, yaani naiacha nyumba ilivyo na zamu yangu ikome, ami akasema ni lazima nile. Nilikula, na katika zamu hiyohiyo nikafika nyumba mara nyingine, nikasafiri. Tatu, na hili ndilo kubwa: tulipoingia katika mtaji, yaani kete za mkononi zilipokwisha na tukawa tunacheza na zile za baoni tu, ami alitakasa, kisha akasema shimo langu la tano, lililokuwa na kete nane, limetakasiwa, yaani limefungwa, na sina ruhusa ya kuligusa. Mstari wangu wa mbele, nikihesabu kutoka kushoto kwangu, ulikuwa na kete moja katika shimo la pili, nane katika la tano na moja katika la sita, na mengine yote matupu. Sote tulikubali kuwa sikuwa na pa kula, na kuwa ami naye angeweza kula shimo hilo moja tu. Nilimwambia nyumba haitakasiwi. Wazee wa barazani wamegawanyika. Ni nani mwenye haki?

JIBU: Wa alaikumu salamu, mwanangu. Katika mzozo wa kwanza haki ni ya ami yako. Katika wa pili haki ni yake pia. Katika wa tatu haki ni yako, lakini hoja uliyoitoa si sahihi, na kama ungehukumiwa kwa hoja hiyo peke yake ungeshindwa kwa haki. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu ya hilo la mwisho, kwa kuwa mtu aliyepata hukumu sahihi kwa sababu isiyo sahihi atakosea siku ya pili yake, pale kete zitakapokaa kwa namna nyingine kidogo.

Kanuni za bao sisi hatukuzisoma skuli. Tulizipokea barazani kwa vipande vifupi vya maneno: nyumba hulala, nyumba haitakasiwi, mwenye pa kula hula, kimbi hurudi kichwani. Kila kipande ni kweli, lakini kila kimoja kimekatwa kutoka kwenye masharti yake ili kiwe rahisi kukumbukwa, na vipande viwili vinapokutana juu ya shimo moja huonekana kana kwamba vinapingana. Mara nyingi havipingani. Kimoja kinazungumzia namua na kingine mtaji, au kimoja kinazungumzia zamu ya kula na kingine zamu ya kutakasa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kanuni ipi ina nguvu zaidi, nakuomba uulize kwanza kama kanuni zote mbili zimefika mahali hapo kwa haki.

Tuanze na mzozo wa kwanza. Kila zamu ya bao ni ya aina moja kati ya mbili: ni ya kula au ni ya kutakasa, ambayo wengine huiita kutakata. Aina hiyo huamuliwa mwanzo wa zamu na haibadiliki mpaka kete ya mwisho itakapotua katika shimo tupu au zamu ikome kwa sababu nyingine. Katika namua huamuliwa na ile kete moja unayoitoa mkononi: ukiitia katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolielekea nalo lina kete, umekula na zamu yako ni ya kula. Katika mtaji huamuliwa na mwisho wa usambazaji wa kwanza. Zamu iliyoanza kwa kutakasa itabaki ya kutakasa hata kama njiani kete zako zitaangukia mara kumi mbele ya mashimo ya mwenzako yaliyojaa. Utaendelea kuzichukua na kuzisambaza kete zako mwenyewe, lakini hutakula. Wachezaji wengi wanalijua jambo hili kuhusu kula, ila hawaoni kuwa linaigusa nyumba pia. Kusafiri ni hiari aliyopewa mtu aliye katika zamu ya kula. Aliye katika kutakasa, kete yake ya mwisho ikiingia katika nyumba iliyo hai, zamu yake imekoma hapo, na wala haulizwi kama anapenda kulala au hapendi. Ami yako alikuzuia kwa haki, na hata zingekuwa kete ishirini badala ya tisa, jibu lisingebadilika.

Katika mzozo wa pili ulikuwa katika zamu ya kula, kwa hiyo hiari ya kulala au kusafiri ilikuwa yako. Lakini hiari hiyo hufunguka pale tu ambapo wajibu haupo. Kete yako ya mwisho iliangukia katika nyumba na mbele yake kulikuwa na kete mbili za ami. Hapo kanuni ya kula imetangulia, nayo haina hiari ndani yake. Ungekula zile mbili, ungezipeleka kichwani, yaani katika shimo la mwisho la mstari wako wa mbele, na kuzisambaza kuanzia hapo, na nyumba yako ingebaki ilivyo bila ya kupungua hata kete moja, kwa kuwa anayekula huchukua kete za mwenzake na si zake. Uliporudi nyumbani mara ya pili katika zamu ileile, shimo la ami lilikuwa limekwisha kuliwa na ni tupu, na ndipo swali la kulala au kusafiri lilipokuwa swali la kweli. Ukachagua kusafiri. Nakuomba uikumbuke safari hiyo, kwa sababu mzozo wa tatu umesimama juu yake.

Hukuuliza kuhusu kimbi, lakini kwa kuwa mizozo ya mwelekeo hufuata njia hiyohiyo nitaigusa kwa ufupi. Desturi ya jumla ni kuwa anayeendelea kula hushika mwelekeo aliokuwa nao. Akila katika kimbi, yaani katika moja ya mashimo mawili ya mwisho ya upande wowote wa mstari wa mbele, lazima aanzie kichwa cha upande huo, hata kama kufanya hivyo kunaugeuza mwelekeo wake. Kimbi ni hukumu maalumu na mwelekeo ni hukumu ya jumla. Waliokaa chuoni na kusoma usuli watakumbuka kuwa neno khasi huliwekea mpaka neno la ammu, na mimi sijapata chombo bora zaidi cha kusomea kanuni za bao kuliko hicho.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Kila mchezaji ana kete 32, na katika bao lote zimo 64. Mchezo ukianza, kila mmoja huweka kete sita katika nyumba, mbili katika shimo linaloifuata kwa kulia na mbili katika linalofuata hilo, na 22 zilizobaki hukaa mkononi kwa ajili ya kunamua. Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwa mwenyewe, na fundi wa kuchonga hulichonga kwa pembe nne ili lijulikane. Ni vizuri lijulikane, lakini uchongaji huo umesababisha kosa kubwa sana katika vichwa vya wachezaji, nalo ni kudhani kuwa nyumba ni mahali. Nyumba si mahali. Nyumba ni hali ya shimo. Shimo lile lina hali hiyo maadamu halijawahi kumalizwa kete zake, ama kwa mwenyewe kusafiri nazo ama kwa mwenzake kuzila, na maadamu lina kete zisizopungua sita. Likishamalizwa, pembe nne zinabaki kwenye mti lakini nyumba imekwisha, na kete zitakazoingia humo baadaye, hata zikiwa nane au kumi na mbili, ni kete zilizo katika shimo la kawaida.

Hapa ndipo hoja yako ilipoanguka. Wewe mwenyewe umeandika kuwa ulisafiri katika namua. Shimo lako la tano lilipojaa tena hadi kete nane, macho yako yaliona nyumba kwa sababu ya umbo lake, na pengine wazee waliokuunga mkono waliona hivyohivyo. Kanuni ya kuwa nyumba haitakasiwi ni ya kweli kabisa, ila haikuwa na nyumba ya kuilinda.

Na kama ingetokea kuwa hakuna anayekumbuka kwa hakika kama ulisafiri au la? Jambo hilo hutokea sana, hasa mchezo unapokuwa mrefu na kahawa inapopita. Hapo ningehukumu kwa kauli ya mafakihi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mwanzo wa mchezo nyumba ilikuwa hai kwa yakini. Anayedai kuwa imekufa ndiye anayetakiwa athibitishe, na akishindwa itabaki hai. Ila kwenu shaka hiyo haikuwapo.

Lipo jambo moja la nyumba ambalo nakiri kuwa maneno ya kanuni yenyewe yana utata, na siyo wachezaji waliokosea. Katika namua, mtu asiye na pa kula na ambaye mstari wake wa mbele umebakiwa na nyumba tu, hutia kete yake katika nyumba kisha huchukua mbili humo na kuzisambaza. Kwa njia hiyo nyumba yenye sita hupata moja na kutoa mbili, ikabaki na tano. Je, imekufa, au imezimia tu na ikifika sita itaamka? Nimesikia kauli zote mbili zikitetewa na watu ninaowaheshimu. Usomaji wangu ni kuwa imezimia. Kilichoiondoa nyumba siku zote ni kumalizwa, na kete kuwa chini ya sita ni sharti la kufanya kazi kwake, siyo sharti la kumilikiwa. Ikiwa na tano, usambazaji ukiishia humo ichukulie kama shimo jingine lolote, na ukizichukua kete hizo zote umeimaliza; lakini ikirudi sita kabla ya kumalizwa, ni nyumba tena. Kwa kuwa huu ni usomaji na siyo kauli inayokubaliwa na wote, mkubaliane juu yake kabla ya kete ya kwanza kutiwa, na msingoje itokee kisha muanze kuijadili, kwa sababu wakati huo kila mmoja atakuwa na kete zake zinazomshauri.

Sasa kutakasia. Kanuni hii ndiyo ngumu kuliko zote katika bao letu, na wengi hutamka jina lake bila ya kuyahesabu masharti yake. Haimo katika namua hata kidogo. Anayesema ametakasia na kete zingali mkononi amekosea tangu neno la kwanza. Katika mtaji inahitaji mambo matatu yakutane: kwamba zamu ya mwenzako ilikuwa ya kutakasa, kwamba wewe huna pa kula, na kwamba yeye, zamu yake ikirudi na bao likiwa hivyo lilivyo, angeweza kula shimo lako moja tu, si mawili. Yakikutana, shimo hilo limefungwa kwa zamu yako moja. Huruhusiwi kuanzia hapo, na usambazaji wako ukiishia ndani yake, zamu yako inakoma. Maana yake ni kuwa mwenzako ameacha kukushambulia pengi na ameelekeza nguvu zake zote mahali pamoja, na kanuni inamhifadhia mahali hapo usipate kupaondoa chini ya mkono wake.

Kuhesabu mashimo anayoweza kula kunataka uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mfano, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha kula, kwa kuwa upande wa kila mchezaji ni duara la mashimo 16 na kete ya kumi na sita hurudi palepale ilipotoka. Ikiwa shambulio la mwenzako linategemea shimo kama hilo, basi si shambulio, na lisihesabiwe. Nimeona mara mbili hukumu ya kutakasia ikigeuka kwa kuhesabu upya shimo moja lililojaa sana katika mstari wa nyuma. Kwenu mlikubaliana nyote kuwa shimo lililo hatarini lilikuwa moja, nami nalichukua hilo kama mlivyolisema.

Masharti matatu yametimia, basi. Mpaka hapa ami yako yuko juu yako. Lakini kutakasia kuna hali tatu ambazo hakufiki hata masharti yote yakitimia. Ya kwanza ni shimo likiwa nyumba iliyo hai, ndiyo uliyoitegemea, nayo haikuwa yako. Ya pili ni shimo likiwa ndilo pekee lenye kete katika mstari wa mbele, nayo si yako pia, kwa kuwa ulikuwa na kete katika la pili na la sita. Ya tatu ni shimo likiwa ndilo pekee katika mstari wa mbele lenye zaidi ya kete moja. Rudi sasa kwenye bao lako: moja, nane, moja. Shimo la tano ndilo pekee lililokuwa na zaidi ya kete moja. Halikutakasiwa, na haki ilikuwa yako.

Sababu ya hali hii ya tatu haielezwi mara nyingi barazani, na mimi naiona kuwa ndiyo ufunguo wa kuisoma kanuni nzima. Katika mtaji hakuna anayeanza na kete moja. Lazima shimo liwe na mbili au zaidi. Na anayetakasa hulazimika kuanzia mstari wa mbele maadamu mbele pana shimo linalofaa. Ukiziweka kanuni hizi mbili pamoja na kutakasia bila ya kuweka mpaka, utapata hali ambayo kanuni moja inakuamrisha uanzie shimo la tano kwa kuwa ndilo pekee linalofaa mbele, na nyingine inakukataza kuligusa. Kanuni haiwezi kumwamrisha mtu na kumkataza jambo moja kwa wakati mmoja. Mafundi waliotutangulia waliuona mgongano huu, wakauondoa kwa kumwacha mchezaji acheze mbele. Alex de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995 juu ya ustadi wao, aliziandika hali hizo tatu kama alivyozikuta huku kwetu. Hazikuongezwa na kitabu.

Ili uone jinsi hukumu hii ilivyo nyembamba, tuseme katika shimo la sita ulikuwa na kete mbili badala ya moja. Hapo mbele yako pangekuwa na shimo jingine la kuanzia, mgongano usingekuwapo, hali ya tatu isingefika, na shimo lako la tano lenye kete nane lingefungwa sawasawa. Ungelazimika kuanza na zile mbili na kumwachia ami yako nane azile. Kete moja tu ndiyo iliyokutenga na hukumu hiyo, na ndiyo sababu nimekataa kukujibu kwa neno moja.

Kuhusu ami yako, nakuomba umwambie kwa adabu inayomstahiki kuwa katika mambo matatu alipata mawili, na kuwa hata katika la tatu alikuwa sahihi kuikataa nyumba yako. Na ukipata mzozo mwingine, mkono wako uondoke kwenye bao kwanza na kete zibaki zilivyo. Nilipokuwa kijana, katika baraza moja ya Mlandege, niliona mchezo wa karibu saa nzima ukipotea kwa sababu mmoja wa wachezaji aliendelea kusambaza huku wengine wanabishana, na alipomaliza hakuna aliyeweza kuzirudisha kete mahali pake. Ninyi mlizikumbuka vizuri, hata mkaweza kuniandikia, na kwa hilo nawapongeza wote wawili.

Mchezo wenu basi urudishwe pale uliposimama, na zamu ni yako. Utaanza na shimo la tano, kwa kuwa mbele huna jingine. Kete nane ni nusu ya duara, kwa hiyo ukielekea kulia au kushoto kete ya mwisho itaangukia shimo lilelile, la nne kutoka kushoto katika mstari wako wa nyuma. Ukielekea kushoto, kete nne zitabaki mbele na shimo la pili litakuwa na mbili. Ukielekea kulia, zitabaki tatu tu na shimo la sita ndilo litakalokuwa na mbili. Likiwa lile la nyuma ni tupu, zamu yako itakoma hapo kwa njia zote mbili. Likiwa na kete, utazichukua na kuendelea kwa mwelekeo uliouchagua, na hapo ndipo njia mbili zinapoachana, kwa hiyo hesabu mpaka mwisho wa kila moja kabla ya kugusa kete, ukiangalia ni mashimo yapi ya ami yanayoweza kukufikia na kukula.